Mpira wa jipu unabeba kilo ngapi? Namba ndogo yenye watu wengi hawaangalii

Ukiingia fasi wanauzisha mipira ya gari, ikuwe Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, utasikia maulizo mawili: bei ni ngapi, na meno yake yako mazuri? Hayo ni maulizo ya maana. Lakini kuko swali la tatu lenye watu wachache wanauliza: mpira huu unaweza kubeba kilo ngapi?

Jibu la swali hilo limeandikwa kwenye mpira wenyewe, kwa herufi ndogo pembeni. Halihitaji mashini wala fundi mkubwa kulisoma. Na katika njia zetu, fasi jipu moja inabeba familia, magunia na bidoni za mazout siku moja, jibu hilo linaweza kutenganisha safari yenye inafika na safari yenye inaishia kwenye mtaro.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kusoma namba hiyo, namna ya kupiga hesabu ya gari yako, na mitego yenye iko sokoni. Tunazungumzia jipu za ukubwa wa kati: Toyota Prado, Hilux, Fortuner, Mitsubishi Pajero na zingine za namna hiyo. Lakini mwenye Land Cruiser kubwa naye atapata kitu.

Kusoma mpira, hatua kwa hatua

Chukua mpira wenye umeandikwa 265/65R17 112S. Watu wengi wanasoma sehemu ya kwanza na kuishia hapo.

265 ni upana wa mpira, kwa milimeta. 65 ni urefu wa ubavu wake: asilimia 65 ya ule upana. R inaonyesha namna nyuzi za ndani zimepangwa, ile inaitwa radiali, na karibu mipira yote ya jipu leo ni ya namna hiyo. 17 ni ukubwa wa jante, kwa inchi.

Sasa kinakuja kile chenye kinatuhusu leo: 112. Hii si kilo 112. Ni namba ya orodha yenye viwanda vya mipira vinafuata duniani, na kila namba iko na kilo zake. 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa mpira mmoja. Herufi S yenye inafuata ni ya mwendo: mpira umepimwa kwa mwendo wa hadi kilometa 180 kwa saa. Q ni 160, R ni 170, T ni 190. Kwa barabara zetu mwendo si shida ya kwanza. Shida ya kwanza ni kilo.

Hizi ni namba zenye utakutana nazo mara nyingi kwa jipu. Ziandike kwenye karatasi ao uzipige picha kwa simu:

- 100: kilo 800
- 104: kilo 900
- 106: kilo 950
- 108: kilo 1,000
- 110: kilo 1,060
- 112: kilo 1,120
- 113: kilo 1,150
- 115: kilo 1,215
- 117: kilo 1,285
- 119: kilo 1,360
- 121: kilo 1,450
- 123: kilo 1,550

Wakati mwingine utaona namba mbili, kwa mfano 121/118. Usichanganyikiwe. Namba ya kwanza ni ya mpira wenye unasimama peke yake upande wake. Namba ya pili ni ya mipira miwili yenye inafungwa pamoja upande mmoja, sawa vile nyuma ya kamio. Jipu yako iko na mpira mmoja kila upande, kwa hiyo soma ya kwanza.

Saizi moja inaweza kuwa na kilo tofauti kabisa. Mpira wa 225/75R16 unaweza kuuzishwa na namba 104, ni kusema kilo 900. Mwingine wa saizi hiyo hiyo, wenye uko na alama LT mbele, unaweza kuwa na 115/112, ni kusema kilo 1,215. Ukiweka hiyo miwili pamoja chini, kwa macho inafanana. Lakini katikati yake kuko kilo 315 kwa kila mpira, karibu uzito wa watu watano.

Juu ya nini mpira unapasuka

Wengi wanafikiri mpira unapasuka juu ya jiwe ao msumari. Inatokea, ndiyo. Na mwenye anatoka Goma kwenda Sake anajua vile mawe ya volkano yanakata mpira. Lakini mpira mwingi wenye unapasuka ghafla ndani ya mwendo ulikuwa umeanza kufa mbele, na chenye kiliuua ni moto.

Kila mara gurudumu inazunguka, ubavu wa mpira unajikunja pale unagusa barabara, kisha unanyooka tena. Kujikunja huko kunazaa joto. Kama mzigo ni ule wenye mpira ulitengenezewa, na upepo ni wa kutosha, joto linatoka na mpira unabaki salama. Mzigo ukizidi ao upepo ukipungua, ubavu unajikunja zaidi, joto linapanda, na raba inaanza kuachana na nyuzi za ndani. Kwa inje hauoni kitu. Unaweza kufika nyumbani, ukapumzika, ukaondoka tena kesho. Kisha siku moja, kwenye barabara nzuri, mpira unaachia.

Ndiyo maana mara nyingi shofere anashangaa: “Hapa hapakuwa hata jiwe.” Jiwe halikukuwa. Mpira ulikuwa umechoka tangu safari zilizopita.

Na mpira wa nyuma ukipasuka kwa gari yenye imejaa juu na ndani, matako ya gari yanacheza, na kuirudisha katika mstari ni kazi ngumu. Kwenye mitelemko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, hakuna nafasi ya kucheza.

Tufanye hesabu ya jipu moja

Hebu tuchukue mfano. Hizi ni kilo za kufanyia hesabu. Za gari yako utazipata kwenye karatasi yake.

Jipu tupu, ikiwa na mafuta ndani ya tanki: kilo 2,200. Uzito wa juu wenye kiwanda kinaruhusu, gari pamoja na kila kitu: kilo 2,900.

Sasa tupakie sawa vile tunapakia siku zote:

- Watu 8, pamoja na dereva, kilo 65 kila mmoja: 520
- Mizigo yao, kilo 10 kila mmoja: 80
- Magunia 2 ya maharagi, kilo 100 kila moja: 200
- Vyuma vya juu ya paa: 40
- Mpira wa pili wa sekuru: 35
- Bidoni 2 za mazout za litre 20, karibu kilo 17 kila moja: 34

Jumla inafika karibu kilo 3,110.

Hapa watu wengi wanafanya kosa moja. Wanasema: mipira yangu iko na namba 104, kilo 900. Mara nne ni 3,600. Gari iko na 3,110. Tuko sawa.

Hapana. Mzigo haugawanyike sawa kwa mipira minne. Katika jipu yenye imepakiwa, watu wa nyuma, magunia na bidoni vyote viko karibu na magurudumu ya nyuma. Tuseme sehemu 6 kati ya 10 za uzito ziko nyuma. Hiyo ni karibu kilo 1,870 kwa mipira miwili ya nyuma, ni kusema 935 kwa kila mmoja. Mpira wa kilo 900 umekwisha kupitwa, mbele hata gari haijatoka parking.

Na hiyo ni kwa barabara yenye imenyooka. Kwenye kupanda mlima, uzito unarudi nyuma. Kwenye kona, upande wa inje unabeba zaidi, na kama mizigo iko juu ya paa ni zaidi tena. Gurudumu moja ikiingia kwenye shimo, ile nyingine inabeba ya mwenzake kwa muda. Na magunia yakiwekwa upande mmoja, mpira wa upande huo unaweza kufika kilo elfu moja bila mtu kujua.

Kwa hiyo tunahitaji akiba. Hesabu nzuri ya kawaida ni hii: chukua kilo zenye mpira mmoja wa nyuma unabeba gari ikijaa, ongeza asilimia 15 mpaka 20. Kwa mfano wetu, 935 inakuwa kati ya 1,075 na 1,120. Ukiangalia orodha, jibu ni 112. Namba 108 ingepita kwenye karatasi, lakini bila nafasi ya kutosha kwa shimo wala kona.

Njia ya hakika ya kujua uzito wa nyuma ni mzani wa magari, ule wa madepo makubwa na vituo vya forodha. Fasi mzani huo uko, omba upandishe magurudumu ya nyuma peke yake, gari ikiwa imepakiwa sawa vile unasafiri. Fasi hauko, hesabu ya kalamu kama hii inatosha kukufungua macho.

Mpira wenye nguvu hauongeze nguvu ya gari

Tumeona jumla ya mfano wetu ni kilo 3,110, na kiwanda kiliruhusu 2,900. Kuko zaidi ya kilo 200 zenye si za gari hiyo. Mtu anaweza kusema: basi nitaweka mipira ya 121, kilo 1,450, shida inaisha.

Haiishe. Freni hazikubadilika. Resori, amortisa, mishipi ya gurudumu na chasi havikubadilika. Jante nayo iko na uzito wake wa juu. Mpira wa nguvu utabeba mzigo, lakini kwenye mtelemko freni njo zitasimamisha gari, na freni zilihesabiwa kwa 2,900.

Jibu katika mfano wetu ni rahisi ingawa linauma mfuko: magunia mawili yanabaki, yanatafuta gari ya mizigo. Hapo jipu inarudi karibu na 2,900, na mpira wa 112 unapata akiba ya kweli.

Kilo za mzigo na “kilo” za upepo

Kwa kwado utasikia: “Nikutilie kilo ngapi?” Hizo kilo za upepo si kilo za mzigo. Kilo moja ya kwado ni karibu sawa na bare moja. Lakini hizo mbili ziko na undugu, na ndipo watu wengi wanapotea.

Namba 112 haisemi kwamba mpira utabeba kilo 1,120 kila siku, kila namna. Inasema utazibeba ukiwa na upepo wenye ulipangiwa. Mpira wa kawaida wa jipu unafika kilo zake zote kwa karibu bare 2.5. Ukiwa na bare 1.6, ule mpira wa 112 si wa 112 tena. Kusema kweli, mpira hauna nguvu ya kubeba peke yake. Upepo wenye uko ndani njo unabeba gari. Raba na nyuzi zinaufungia tu.

Upepo wa gari yako umeandikwa kwenye karatasi yenye imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari nyingi hapa kwetu zinatoka Japani, zinapita bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa, na karatasi yao imeandikwa Kijapani. Usiogope: tafuta namba zenye kPa. 220 kPa ni bare 2.2, 250 kPa ni bare 2.5. Kwa gari yenye imetoka Marekani utaona psi: 32 psi ni bare 2.2, 36 psi ni karibu bare 2.5. Mara nyingi kuko mistari miwili, mmoja wa gari nyepesi na mwingine wa gari yenye imejaa. Ukipakia, fuata ule wa pili.

Mambo matatu ya kushika:

Pima asubuhi, mbele ya kutembea, mpira ukiwa baridi. Mpira wenye umetembea unaonyesha upepo mwingi kuliko ule wa kweli.

Usipunguze upepo wa mpira wenye umepata moto barabarani ili urudie namba ya asubuhi. Ukipoa utakuwa na upepo mdogo.

Kama unapunguza upepo ili upite matope, tuseme kati ya Komanda na Mambasa wakati wa mvua, tembea polepole sana, na urudishe upepo mara tu unafika fasi ngumu. Kutembea kilometa 50 kwa mwendo wa kawaida, na upepo wa matope na gari yenye imejaa, ni kuupika mpira.

Madereva wa safari ndefu wako na kipimo kimoja kizuri. Pima mpira ukiwa baridi, tembea saa moja, simama, pima tena. Kwa mpira wa kawaida, upepo ukipanda karibu bare 0.3, uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, mpira unapata moto sana: upepo wa kuanzia ulikuwa mdogo ao mzigo ni mkubwa. Kwa mpira wa LT, wanakubali mpaka karibu bare 0.4.

LT, XL, C, D, E: herufi zenye zinachanganya

Sokoni utasikia “hii ni dis pli”, ni kusema iko na ngazi kumi. Zamani hizo ngazi zilihesabu nyuzi za pamba zenye zilipangwa ndani. Leo mpira wa “ngazi 10” hauna nyuzi kumi; hiyo ni namna tu ya kusema nguvu yake ni sawa na ya ule wa zamani. Alama zake ni hizi:

- Herufi C, ngazi 6: upepo wa juu karibu bare 3.5
- Herufi D, ngazi 8: upepo wa juu karibu bare 4.5
- Herufi E, ngazi 10: upepo wa juu karibu bare 5.5

LT mbele ya saizi inaonyesha mpira wa gari ya kazi, wa mtindo wa Marekani. XL ao neno Reinforced linaonyesha mpira wa kawaida wenye umeongezwa nguvu kidogo, na unafika kilo zake kwa karibu bare 2.9. Herufi C yenye iko mwisho wa saizi, sawa vile 195R15C ya minibisi, ni kitu kingine: ni alama ya Ulaya ya gari za biashara. Usiichanganye na C ya ngazi 6.

Sasa angalia mtego. Saizi ya 265/70R17 iko na mpira wa kawaida wa namba 115, kilo 1,215. Saizi hiyo hiyo iko na LT ya herufi C yenye namba 112/109, kilo 1,120. Na iko na LT ya herufi E yenye namba 121/118, kilo 1,450. Maana yake ni kwamba LT si lazima kubeba zaidi. Ile ya C inabeba kidogo kuliko ile ya kawaida! Mwuzaji anaweza kukuambia “hii ni LT, ni ya nguvu,” na asidanganye juu ya ubavu wake kuwa mugumu. Lakini kilo, uzisome wewe mwenyewe.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Ule mpira wa 121 unafika kilo 1,450 ukiwa na karibu bare 5.5. Mwenye jipu anaununua, anapeleka kwa kwado, na kwado anatia bare 2.2 sababu karatasi ya mlango inasema 2.2. Kwa upepo huo, ule mpira wa bei kali haubebe hata kilo elfu moja. Unabeba kidogo kuliko ule wa kawaida wenye ulitolewa! Ukitoka kwa mpira wa kawaida na kwenda kwa LT, lazima upepo upande. Kiwanda cha mpira kiko na jedwali lenye linaonyesha upepo kwa kila mzigo. Omba mwuzaji ao fundi akuonyeshe. Na usivuke upepo wa juu wenye jante inaruhusu.

Neno la mwisho juu ya herufi: mpira wenye uko na P mbele, kwa mfano P265/70R16, ni wa mtindo wa Marekani wa gari za watu. Kule Marekani, sheria inataka kilo za mpira kama huo zigawanywe kwa 1.10 ukifungwa kwenye jipu ao pikapi. Kwa hiyo P yenye namba 112 ihesabu kama karibu kilo 1,018, si 1,120.

Basi tuchukue namba kubwa kabisa?

Hapana, na sababu si bei peke yake. Mpira wa herufi E ni mzito na mugumu. Kwa jipu yenye inatembea mara nyingi na watu wawili watatu ndani ya mji, unaruka kwenye mawe, unachosha amortisa na viuno vya watu, na kwenye barabara yenye maji unaweza kuteleza kirahisi zaidi sababu haukumbatie njia. Unakula mafuta kidogo zaidi pia.

Upande mwingine, ubavu mugumu unasaidia fasi mawe ni makali. Mwenye anapita kila siku kwenye mawe ya volkano karibu na Goma, ao kwenye barabara za machimbo, anaweza kuchagua LT juu ya ubavu wake, hata kama kilo za mpira wa kawaida zingetosha. Hiyo ni sababu ya kweli. Ajue tu kwamba ananunua ubavu, na atalipa kwa upepo na ugumu.

Kwa kifupi:

Jipu ya familia, mji na safari za mara moja moja: namba yenye kiwanda cha gari kiliandika, isishuke chini yake.

Jipu yenye inabeba abiria na mizigo kila siku: fanya hesabu ya nyuma, ongeza akiba ya asilimia 15 mpaka 20. Mara nyingi XL ao LT ya herufi C ao D itatosha, kama namba yake inafika.

Jipu ya kazi nzito yenye vyuma, bidoni na mawe makali: LT ya herufi E inaweza kuwa na maana, na upepo wake.

Kwa wote, usichanganye. Mipira miwili ya nyuma ikuwe sawa: saizi moja, namba moja, na kama inawezekana alama moja. Na sekuru nayo ikuwe na kilo za kutosha. Sekuru ya namba ndogo yenye inafungwa nyuma, gari ikiwa imejaa, inakuwa shida mpya njiani.

Mipira ya okazio

Wengi kati yetu tunanunua okazio, na hakuna haya ndani yake. Lakini ile namba 112 iliandikwa siku mpira ulizaliwa. Haisemi hali yake ya leo.

Tafuta herufi DOT, kisha namba nne za mwisho. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wenye umepita miaka 5 unahitaji kuangaliwa vizuri na fundi angalau mara moja kwa mwaka. Wenye umefika miaka 10 uache, hata kama meno yake yanaonekana mapya. Jua na miaka vinakausha raba, na mpira wenye ulikaa miaka mingi ndani ya depo unazeeka hata bila kutembea.

Kunja ubavu kwa mikono na uangalie nyufa ndogo. Pitisha mukono ndani: ukisikia mikunjo ao unga wa raba, huo mpira ulitembea bila upepo, na nyuzi zake zimekwisha kuumia. Kiraka kwenye ubavu, mshono, ao donge lenye limetokea kama yai, yote hayo ni ya kukataa kwa jipu yenye inabeba watu. Kutia shambre ndani ya mpira wenye umekatika ubavu kunafunga upepo tu, hakurudishe nguvu.

Mbele ya kulipa

1. Soma karatasi ya mlango: saizi, upepo, na kama iko, namba ya mzigo. Piga picha.
2. Hesabu uzito wa gari yako siku yenye imejaa kabisa, si siku yenye iko tupu.
3. Chukua sehemu ya nyuma, gawanya kwa mbili, ongeza asilimia 15 mpaka 20.
4. Tafuta namba kwenye orodha, na uisome wewe mwenyewe kwenye mpira. Usikubali ya mdomo.
5. Soma DOT, angalia ubavu, ndani na inje.
6. Uliza upepo wa mpira huo kwa mzigo wako, na uuandike ndani ya gari fasi kila shofere ataona.

Kazi yote hiyo haichukue nusu saa. Mwenye gari anayo faida, sababu mpira wenye haupike moto unadumu. Lakini abiria naye iko na haki ndani yake. Ukipanda jipu ya safari na unaona ubavu wa mpira wa nyuma umevimba na kulala chini, sema mbele gari haijatoka. Shofere anaweza kukasirika. Afadhali hasira ya parking kuliko kimya cha mtelemko.